Royal Ivey: Kocha Aliyeipeleka Olimpiki Nchi Isiyo na Uwanja wa Ndani

Ukitaja jina la Royal Ivey kwenye kijiwe cha kahawa Korogwe, au kwa vijana wa bodaboda pale Misima, Handeni, utaulizwa: huyo anachezea timu gani? Swali la haki kabisa. Huku kwetu mpira ni wa miguu, na kocha anayejulikana ni wa Simba au Yanga. Lakini huyu jamaa amefanya jambo ambalo kila mpenda michezo Afrika Mashariki anapaswa kulijua, kwa sababu lilifanyika jirani yetu kabisa, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Turudi nyuma kidogo. Jumamosi ya Julai 20, 2024, ukumbi wa O2, London. Marekani wanacheza mechi ya kujiandaa na Olimpiki ya Paris. LeBron James yupo, Stephen Curry yupo, Anthony Davis yupo. Upande wa pili ni Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru Julai 9, 2011. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa na miaka 13 na siku 11 tu. Watu wa kubeti walikuwa wameipa Marekani ushindi wa zaidi ya pointi 40.

Ikafika mapumziko. Sudan Kusini 58, Marekani 44.

Watu wakaanza kupigiana simu. Mechi ikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, Marekani wakirudi, vijana wa Juba wakijibu. Sekunde chache kabla ya kipenga Sudan Kusini walikuwa mbele kwa pointi moja. LeBron akachukua mpira, akaingia mwenyewe, akafunga. Zilikuwa zimebaki sekunde 8. Sudan Kusini wakapata nafasi ya mwisho, mpira ukakataa kuingia. Marekani 101, Sudan Kusini 100.

Walishindwa, ndiyo. Lakini aliyekuwa akizungumziwa kesho yake hakuwa LeBron peke yake. Watu walitaka kujua: hawa wametoka wapi, na nani anawafundisha?

Mtoto wa Harlem

Royal Ivey alizaliwa Desemba 20, 1981, Harlem, jijini New York. Harlem ni mtaa wa watu weusi wenye historia ndefu ya muziki, siasa na mpira wa kikapu. Sekondari alisoma Benjamin Cardozo, eneo la Queens, kisha akaenda shule ya bweni ya Blair Academy, jimbo la New Jersey.

Hapo Blair ndipo hadithi yote ilipofungwa fundo, ingawa wakati huo hakuna aliyejua.

Mwaka 1999 alifika shuleni hapo mtoto wa miaka 14 kutoka London, mrefu, mweusi tii, mpole. Jina lake Luol Deng. Alizaliwa Wau, kusini mwa Sudan, mwaka 1985. Baba yake alikuwa kiongozi serikalini, vita ilipopamba moto familia ikakimbilia Misri. Huko Misri watoto wa Deng walifundishwa kikapu na Manute Bol, yule Mdinka wa mita 2.31 aliyecheza NBA na kutumia mali yake kuwasaidia watu wa kwao. Baadaye familia ikapewa hifadhi Uingereza, wakaishi kusini mwa London.

Basi mtoto wa Harlem na mtoto wa Wau wakacheza timu moja, wakawa marafiki. Urafiki wa shule unaujua ulivyo. Mwingine unaisha siku ya mahafali, mwingine unakaa kimya miaka 20 halafu unakuja kubisha hodi.

Mchezaji ambaye hakuna aliyemwimba

Kutoka Blair, Ivey alikwenda Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2003 timu yao ilifika nne bora ya vyuo vya Marekani, jambo kubwa kweli kule. Hakuwa nyota wa timu. Nyota alikuwa T.J. Ford. Ivey alikuwa yule anayepewa kazi ya kumkaba mfungaji hatari wa timu pinzani.

Mwaka 2004 yeye na Deng waliingia NBA kupitia drafti moja. Deng alichaguliwa namba 7, akaishia Chicago Bulls na baadaye kuwa mmoja wa nyota wa ligi, akiitwa kwenye All-Star mara 2. Ivey alichaguliwa namba 37, raundi ya pili, na Atlanta Hawks. Ukichaguliwa raundi ya pili NBA hujahakikishiwa kitu. Unapigania nafasi kila msimu kama mtu wa kibarua.

Na alipigania. Atlanta, Milwaukee, Philadelphia, Oklahoma City. Pointi zake zilikuwa chache, dakika zake zilikuwa za kuombea. Mwaka 2012 alikuwa kwenye kikosi cha Oklahoma City Thunder kilichofika fainali ya NBA na kufungwa na Miami Heat. Nani alikuwa nyota wa Miami? LeBron James. Yaani huyu LeBron aliwahi kumnyima Ivey furaha miaka 12 kabla ya ile usiku ya London.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushtuka akisikia kwamba hiyo Thunder ndiyo klabu aliyoichezea pia Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet. Tutamrudia Hasheem mbele.

Mchezaji wa aina ya Ivey anaona mpira kwa jicho tofauti. Nyota anaujua mchezo kupitia mikono yake. Mtu wa benchi anaujua kupitia macho. Anakaa pale usiku baada ya usiku akiangalia nani amechelewa kurudi, nani anaogopa kupiga, nani ana hasira na mwenzake. Anajua kazi ya kila nafasi, maana anaweza kuitwa kuziba pengo lolote. Anajua pia uchungu wa kutochezeshwa. Hayo yote hayaonekani kwenye takwimu, lakini ndiyo mtaji wa kocha.

Ngazi kwa ngazi

Mwaka 2014 Ivey alitundika viatu, akaanza chini kabisa: kocha msaidizi wa Oklahoma City Blue, timu ya vijana na watafutaji chini ya Thunder. Mwaka 2016 akapandishwa kuwa msaidizi Thunder yenyewe. Mwaka 2018 akaenda New York Knicks, mwaka 2020 Brooklyn Nets, mwaka 2023 Houston Rockets.

Ona neno linalojirudia: msaidizi. Kazi ya kocha msaidizi NBA ni ya kuchambua video usiku, kumfanyisha mchezaji mazoezi asubuhi, na kunyamaza kamera zikija. Wengi wanazeekea hapo. Wanasubiri simu ya kuitwa kuwa kocha mkuu, simu haiji.

Kwa Ivey, aliyekuja kubisha hodi alikuwa mtoto wa Wau.

Ombi la rafiki wa shule

Deng alistaafu mwaka 2019, na mwaka huo huo akachukua uongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini. Alikuta nini? Nchi imetoka kwenye uhuru mwaka 2011, ikaingia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Desemba 2013, imechoka. Uwanja wa ndani wa kikapu haukuwepo hata mmoja. Ligi haikuwa na nguvu. Fedha ndiyo usiulize. Deng alikuwa akilipa mambo ya timu kwa fedha zake: tiketi, hoteli, mahitaji ya wachezaji.

Kitu kimoja tu kilikuwepo kwa wingi: watu. Wasudan Kusini walitawanywa na vita wakaenda Kenya, Uganda, Misri, Australia, Marekani, Canada. Na Mungu kawajalia urefu. Watoto wa wakimbizi wakawa wachezaji wa vyuo na klabu za nchi za watu. Kazi ya Deng ilikuwa kuwatafuta mmoja mmoja na kuwaambia, njooni muichezee nchi ambayo wengine hamjawahi kuikanyaga.

Akishawapata, nani atawafundisha? Mwaka 2021 Deng akamchukua Royal Ivey.

Hebu fikiria hesabu yake. Ana kazi NBA, mshahara mzuri, ndege za kukodi, wataalamu wa kila kitu. Anaombwa kuacha mapumziko yake ya kiangazi aende kufundisha timu isiyo na mahali pa kufanyia mazoezi kwao. Si Msudan. Hana babu Rumbek wala shangazi Bor. Akakubali.

Na huko hakukaa peke yake. Deng mwenyewe, rais wa shirikisho, alivaa fulana ya benchi akawa msaidizi wake. Rais ameketi pembeni ya mwajiriwa wake, anamsikiliza. Ni mashirikisho mangapi yetu unayoweza kuyaona hivyo?

Kigali

Hata kufika mashindano ya kwanza ilikuwa bahati iliyokutana na watu walio tayari. Nafasi yao kwenye mechi za kufuzu AfroBasket 2021 waliipata baada ya Algeria kujitoa wakati wa korona. Wakaitumia, wakafuzu.

Agosti 2021, Kigali. Sudan Kusini kwenye AfroBasket yao ya kwanza, Ivey kwenye benchi. Hatua ya kuwania robo fainali walikutana na majirani zetu Kenya, ambao nao walikuwa wanarudi mashindano hayo baada ya miaka 28. Mechi ilikuwa ya kubana kifua, Sudan Kusini wakashinda kwa 60-58. Robo fainali wakatolewa na Tunisia, ambao ndio waliochukua kombe. Kwa wageni haikuwa aibu hata kidogo.

Baada ya hapo zikaja mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Hizi zinachezwa kwa madirisha, siku chache chache, wachezaji wanatoka mabara manne wanakutana hotelini. Huna miezi 3 ya kambi. Kocha anatakiwa kuwa na mfumo rahisi: pasi za haraka, kila mtu anapiga pointi 3 bila woga, na ulinzi wa kufa na kupona. Ndivyo Ivey alivyocheza mwenyewe enzi zake.

Walicheza mechi 12 wakashinda 11. Tiketi waliikata Februari 2023 nchini Misri walipoifunga Senegal. Misri ile ile ambako Deng alifika akiwa mtoto mkimbizi.

Manila

Kombe la Dunia 2023 walipangwa Manila, Ufilipino. Mechi ya kwanza walifungwa na Puerto Rico 101-96 kwenye muda wa nyongeza. Ungedhani wangevunjika moyo. Mechi ya pili wakaichapa China 89-69, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia. Serbia wakawafundisha adabu, 115-83. Kisha wakawafunga wenyeji Ufilipino 87-68, mbele ya mashabiki wao wanaopenda kikapu kuliko chakula.

Septemba 2 ikabaki Angola. Angola ni wafalme wa kikapu Afrika, wakati huo wakiwa na makombe 11 ya bara. Timu ya Afrika itakayomaliza juu ya nyingine inakwenda Olimpiki moja kwa moja. Sudan Kusini 101, Angola 78.

Nchi ya miaka 12 ikawa imekata tiketi ya Paris. Na kule Paris hakukuwa na timu nyingine ya kikapu ya wanaume kutoka Afrika. Ni wao tu.

Wimbo usio wao

Julai 28, 2024, mechi ya kwanza ya Olimpiki dhidi ya Puerto Rico, wale wale waliowafunga Manila. Timu zimesimama mstari, mkono kifuani. Wimbo wa taifa ukaanza. Wachezaji wakaangaliana. Huo haukuwa wimbo wao. Waandaaji walikuwa wamepiga wimbo wa Sudan, nchi ambayo wazazi wao walipigana nayo miongo kadhaa ili kutoka.

Tafakari uzito wa kosa hilo. Kwa mtu wa Ulaya ni makosa ya fundi mitambo. Kwa mtu ambaye mjomba wake alikufa kwa ajili ya tofauti ya neno "Kusini", ni kidonda kimetoneshwa mbele ya dunia nzima. Ukumbi ukaanza kupiga makofi kuwapa moyo, wimbo ukakatwa, baada ya muda ukapigwa ulio sahihi.

Hapo ndipo unapopima timu na kocha wake. Wangeweza kucheza kwa hasira wakaharibu. Walicheza kwa akili, wakashinda 90-79. Ushindi wa kwanza wa Sudan Kusini kwenye kikapu cha Olimpiki.

Baadaye walifungwa na Marekani 103-86 na Serbia 96-85, safari ikaishia makundi. Lakini Marekani ya Lille haikucheza kama Marekani ya London. Safari hii walijipanga, maana walikuwa wanajua wanacheza na nani. Hiyo nayo ni heshima.

Tusifichane

Wapo waliosema: hiyo si timu ya Sudan Kusini, ni ya Marekani B. Kocha Mmarekani, na mchezaji aliyewatesa Marekani kule London kwa pointi 15, ribaundi 11 na pasi za kufunga 11 alikuwa Carlik Jones, Mmarekani aliyepewa uraia.

Hoja ina ukweli ndani yake. Sheria za FIBA zinaruhusu kila timu mchezaji mmoja wa aina hiyo, na nchi nyingi hufanya hivyo. Lakini angalia waliobaki. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, familia ikapita Misri kabla ya kufika Marekani. Nuni Omot alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kenya. Khaman Maluach alikulia Kawempe, Kampala, wala hakujua kikapu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea njiani, mtu aliyekuwa kwenye bodaboda akasimama kumshangaa urefu na kumuuliza kwa nini hachezi kikapu. Akaanza, akapita akademi ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki akiwa na miaka 17. Mwaka 2025 akachaguliwa namba 10 kwenye drafti ya NBA.

Ukweli mwingine mchungu: ushindi haujengi uwanja. Mtoto wa Juba aliyeshangilia London aliamka kesho yake akiwa na vumbi lile lile. Kama Deng asingekuwa na fedha na moyo, Ivey asingekuwa na timu ya kufundisha. Jengo lililosimama juu ya nguzo ya mtu mmoja ni zuri, lakini unaliangalia ukiwa na wasiwasi.

Na sisi je?

Sasa turudi kwa Hasheem. Juni 2009 Mtanzania huyu alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Namba 2, dunia nzima! Sudan Kusini wakati huo haikuwa hata nchi. Kwa maana nyingine, Tanzania ilikuwa na mtu wake NBA miaka 2 kabla ya bendera ya Juba kupandishwa.

Miaka 15 baadaye, wao wamecheza Olimpiki na sisi tunasimuliana.

Si kosa la Hasheem. Mtu mmoja hata awe na mita 2.21 hawezi kuwa timu. Mchezaji mkubwa ni zawadi, anaweza kuzaliwa popote. Timu lazima itengenezwe: na kiongozi anayetafuta watu badala ya posho, na kocha anayekubali kuanza na visivyokuwepo. Deng alikuwa wa kwanza, Ivey wa pili. Ukitoa mmoja, habari hii haipo.

Leo jioni pale Misima kuna kijana wa kidato cha pili anayeinama kuingia mlangoni kwao. Kwenye mpira wa miguu wanamweka golini kwa sababu ya mikono. Hajawahi kushika mpira wa kikapu. Dereva wa bodaboda atampita, labda atamtania kwa urefu, atakwenda zake.

Kampala yule mtu alisimama akauliza swali. Na kijana alipokubali, mwisho wa barabara palikuwa na kocha anamsubiri. Wa Misima akikubali leo, atakwenda kwa nani?